Kuchagua Nyumba Katika Makazi ya Wastaafu Marekani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutia Saini

Makazi ya wastaafu, kwa jinsi yanavyojulikana Marekani, ni mtaa, jengo au mji mdogo uliotengwa kwa watu waliofikia umri fulani, ambao hununua au kupanga nyumba zao humo na kuchangia gharama za huduma za pamoja. Mtindo huu ulishika mizizi Arizona. Mji wa Youngtown ulianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya wastaafu, na tarehe 1 Januari 1960, jirani kabisa na hapo, mjenzi Del Webb akafungua Sun City, yenye nyumba chache za mfano, uwanja wa gofu, bwawa la kuogelea na maduka. Watu wapatao 100,000 walifika kuitazama katika siku tatu za mwanzo. Makazi ya namna hiyo yameenea nchi nzima tangu wakati huo, na sasa Waafrika Mashariki waliohamia Marekani miaka ya 1980 na 1990 nao wanafikia umri wa kuyafikiria. Wapo miongoni mwao waliolea watoto wao kwa mshahara wa kuwatunza wazee wa humo. Hao wanayajua makazi haya kwa upande wa mfanyakazi; upande wa mkazi una maswali mengine.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchagua nyumba kwa kutazama nguvu walizonazo siku ya kununua. Mtu wa miaka 66 anaendesha gari, anapanda ngazi, anaogelea, basi anavutiwa na bwawa na ukumbi wa michezo. Akijaliwa, ataishi katika nyumba hiyohiyo akiwa na miaka 84, pengine mjane, macho yamepungua na gari limeshauzwa. Huyo wa miaka 84 ndiye anayepaswa kununuliwa nyumba.

Aina za makazi na sheria ya umri

Majina yanayotumika katika matangazo huchanganya. Makazi mengi ya "miaka 55 na kuendelea" hutoa nyumba, uzio na burudani, na hayana muuguzi wala mpishi. Yapo makazi ya kujitegemea yenye chakula, usafi na usafiri. Yapo makazi ya msaada, ambako mkazi husaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Zipo nyumba za uuguzi kwa wanaohitaji matibabu ya kila siku. Na yapo yale yanayokusanya ngazi zote hizo ndani ya ua mmoja, ili mzee ahame jengo bila kuhama mtaa. Swali moja huondoa ukungu wote wa matangazo: mkazi akishindwa kuoga mwenyewe, nani atamwogesha, na kwa gharama ya nani?

Sheria ya Marekani ya haki ya makazi, ilivyorekebishwa mwaka 1988, inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Makazi ya wazee yameachiwa mlango: kwa sheria ya mwaka 1995, yanaweza kuzuia familia zenye watoto iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina walau mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi. Kundi jingine la makazi hutaka kila mkazi awe na miaka 62. Zaidi ya hapo, kila makazi huwa na kanuni zake kuhusu mgeni kijana anaweza kulala siku ngapi kwa mwaka.

Kwa familia ya Kiafrika, kanuni hiyo ya wageni inafaa kusomwa kabla ya ukurasa wa bei. Mjukuu huletwa likizo nzima, na mpwa hufika kutoka Mombasa au Mwanza kuanza chuo akitegemea kufikia kwa shangazi. Huko Youngtown, katika miaka ya 1990, babu na bibi mmoja walimpokea mjukuu wao kijana aliyekuwa na matatizo nyumbani kwao, na uongozi wa mji ukakataa asikae nao. Shauri hilo lilipofuatiliwa, sharti la umri lenyewe lilionekana halina nguvu ya kisheria, na mwaka 1998 Youngtown ikaacha kuwa mji wa wazee peke yao. Wazee wachache wana ubavu wa kufikisha jambo hadi huko, na penye sharti lililowekwa sawasawa wangeshindwa.

Fedha na mkataba

Watu wengi huingia uzeeni wakiamini kwamba Medicare, bima ya afya ya wazee iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, italipia malezi yao. Haifanyi hivyo. Medicare hulipia hospitali na madaktari. Kwa nyumba ya uuguzi hulipa hadi siku 100 tu kwa kipindi kimoja cha ugonjwa, kwa kawaida baada ya mgonjwa kulazwa hospitali angalau siku tatu, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia kila siku. Kumwogesha mzee, kumlisha na kumlinda asipotee, mwaka baada ya mwaka, hakumo.

Mpango unaogharamia kazi hiyo kwa muda mrefu ni Medicaid, nao ni wa watu wenye kipato na mali kidogo. Hapa pana jambo linalowagusa moja kwa moja wahamiaji. Katika majimbo mengi, anayeomba Medicaid kwa ajili ya nyumba ya uuguzi hukaguliwa alivyotumia fedha na mali yake miezi 60 iliyotangulia. Alichotoa bure, iwe zawadi au mali aliyoandikisha kwa jina la mwanawe au ndugu yake, kinaweza kumcheleweshea haki hiyo. Mtu aliyetuma fedha za kumjengea mama yake nyumba Tanga au Kisii hakufanya kosa lolote, lakini atahitajika kuzieleza, na mali iliyo kwa jina lake ng'ambo nayo hutakiwa kutajwa. Wakili wa mambo ya wazee atafutwe miaka mitano kabla ya haja. Wiki ya mwisho huwa amechelewa kusaidia.

Makazi yenye ngazi zote za matunzo huuzwa kwa mkataba wa pekee. Mkazi hulipa ada ya kiingilio, ambayo inaweza kufikia mamia ya maelfu ya dola, kisha ada ya kila mwezi. Katika mkataba wa aina ya A, ada ya mwezi haipandi sana mkazi anapohamia kwenye uuguzi, kwa kuwa ameshalipia mbele. Aina ya B humpa kiasi fulani cha matunzo, na kikizidi hulipia. Aina ya C huanza kwa bei nafuu, kisha mkazi hulipia matunzo kwa bei ya soko siku atakapoyahitaji. Mwenye akiba ndogo huvutwa na aina ya C kwa sababu ya kiingilio chake, ilhali ndiyo inayomwachia hatari yote. Hilo muuzaji hatalitaja bila kuulizwa.

Ada ya kiingilio inaporejeshwa, hurejeshwa kwa masharti. Mikataba mingine hupunguza kiasi kinachorudi kila mwezi hadi kiishe. Mingine huahidi asilimia 90, lakini malipo husubiri mpaka nyumba ipate mkazi mwingine. Ahadi hiyo nayo ina uzito wa kampuni iliyoitoa. Mwezi Oktoba 2009 kampuni ya Erickson, mojawapo ya waendeshaji wakubwa wa makazi haya, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika baada ya soko la nyumba kuanguka, kwa kuwa wazee walishindwa kuuza nyumba zao za zamani ili waingie. Ndiyo maana hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu au minne, idadi ya nyumba zilizo tupu na madeni ya kampuni ni mambo ya kuombwa kwa maandishi. Kampuni inayosita kuyatoa imeshajibu.

Katika mitaa ya kununua nyumba, gharama inayosahauliwa ni michango ya chama cha wamiliki. Michango hiyo hutengeneza paa, barabara na mabwawa, na chama kisipoweka akiba ya kutosha, wanachama hutakiwa kutoa mchango maalumu kwa mkupuo. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, wakati matengenezo makubwa yalikuwa yamecheleweshwa na wamiliki wakibishana juu ya gharama. Halikuwa jengo la wazee peke yao, lakini sheria ya Florida ya mwaka 2022 iliyofuata, inayolazimisha ukaguzi na akiba ya matengenezo, imepandisha michango katika majengo mengi wanakoishi wastaafu wenye kipato kisichopanda. Mnunuzi aombe taarifa ya akiba na kumbukumbu za vikao vya miaka miwili. Katika kumbukumbu hizo ndimo ugomvi wa paa linalovuja huonekana, miezi mingi kabla ya kufika kwenye ankara.

Vivyo hivyo kwa nyumba za bei nafuu zilizowekwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Nyumba ni ya mkazi, kiwanja ni cha mwenye ardhi. Kodi ya kiwanja ikipanda, nyumba haibebeki kirahisi.

Nyumba yenyewe

Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka Marekani. Nyumba ikaguliwe kwa futi kamba mkononi. Nafasi ya mlango uliofunguliwa isipungue sentimita 81, la sivyo kiti cha magurudumu kitakwama. Bafu lisiwe na ukingo wa kuruka, na ukuta wake uwe imara kiasi cha kubeba vyuma vya kushikia. Vitasa viwe vya kusukuma chini, maana vya kuzungusha humshinda mwenye baridi yabisi. Angalau mlango mmoja wa nje usiwe na ngazi. Chumba cha pili hutazamwa kama anasa, kumbe ndicho atakacholala binti aliyekuja kuuguza.

Mahali

Hali ya hewa iliyovuta wastaafu Arizona imekuwa kali. Mwaka 2023 jiji la Phoenix, lililo karibu na Sun City, lilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Kiyoyozi kikiharibika katika joto hilo, maisha ya mzee huwa hatarini ndani ya saa chache. Florida ina vimbunga na bima ya nyumba iliyo ghali. Umbali wa hospitali na kuwapo kwa basi ni mambo ya kupimwa kwa mtu asiyeendesha tena; na msikiti au kanisa lililo mwendo wa dakika 40 kwa gari, kwake huyo, halipo.

Watu na lugha

Hili ndilo linalopewa muda mdogo kuliko yote, nalo linastahili mwingi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Aliyefundisha chuo kwa Kiingereza miaka 30 anaweza kujikuta usiku wa manane akiomba maji kwa Kiswahili, na msaidizi aliyesimama mlangoni akaandika kwenye daftari kwamba mkazi anapayuka. Uji anaoutamani haumo katika orodha ya chakula. Anapogoma kuogeshwa na kijana wa kiume, heshima yake huandikwa kuwa ukaidi. Kwa hiyo inafaa kuuliza wafanyakazi wa zamu ya usiku wanatoka wapi, jiko linakubali kupika nini, na kama familia inaweza kuandika maneno ya lazima ya Kiswahili yakabandikwa chumbani.

Wapo wahamiaji waliotafuta njia yao. Katika Chinatown ya San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakazi waliona wazee wa Kichina, Kiitaliano na Kifilipino wakikosa mahali panapowafaa, wakaanzisha On Lok. Ilikuwa na kituo cha mchana chenye daktari, chakula walichokizoea na gari la kuwachukua, na jioni mzee hurudi kulala kwake. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mpango wa taifa uitwao PACE, uliopewa nafasi ya kudumu ndani ya Medicare mwaka 1997. Mahali ambapo mpango huo upo, familia inaweza kuona kwamba nyumba ya kawaida iliyo karibu na Waswahili wenzao inamfaa mzee kuliko makazi ya kifahari asikojulikana.

Ziara moja ya mchana iliyopangwa na ofisi ya mauzo haitoshi. Mnunuzi arudi Jumamosi saa 1 jioni, aombe kula katika chumba cha chakula na kuzungumza na wakazi bila kiongozi, kisha akae kidogo kwenye ujia wa jengo la matunzo. Taa juu ya mlango wa mkazi aliyebonyeza kengele ikiwaka dakika 20 bila mtu kufika, idadi ya wafanyakazi imeshajulikana. Nyumba za uuguzi zina alama za nyota, moja hadi tano, katika tovuti ya Medicare. Makazi ya msaada hayamo humo. Taarifa zake za ukaguzi hutafutwa kwa serikali ya jimbo.

Kutoka, kurithisha na kurudi nyumbani

Nyumba yenye sharti la umri ina wanunuzi wachache, hivyo huweza kukaa sokoni muda mrefu. Mtoto wa miaka 40 huweza kuirithi asiruhusiwe kuishi ndani, huku michango ya kila mwezi ikiendelea kumdai. Wosia ulioandikwa Marekani utaje waziwazi nyumba hiyo, anayepaswa kupokea marejesho ya ada ya kiingilio na mwenye mamlaka ya kutia saini, hasa pale warithi wanapokuwa Nairobi au Dar es Salaam.

Wanaopanga kuishi miezi kadhaa Afrika Mashariki wapige hesabu mapema. Medicare, isipokuwa katika hali chache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Pensheni ya Social Security humfuata raia wa Marekani katika nchi nyingi. Kwa asiye raia inaweza kusimamishwa baada ya miezi 6 nje, kutegemea uraia wake na miaka aliyofanya kazi. Ada ya mwezi ya makazi hulipwa hata nyumba ikiwa imefungwa. Mikataba mingine hupunguza sehemu ya chakula kwa mkazi aliyesafiri, ikiwa ametoa taarifa kabla ya kuondoka, na kifungu hicho kinaweza kuombwa kiongezwe wakati wa kujadiliana bei, kabla ya kutia saini.