Gari la Kikundi Likiharibiwa na Tunamshuku Jirani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mandera)



Tumeombwa tuzungumze juu ya gari. Tuseme kikundi kimechanga kwa miaka na kununua pikapu ya kubeba mahindi, maji na wagonjwa. Asubuhi moja tairi mbili hazina upepo na kioo kimepasuka. Kuna jirani aliyekuwa akilalamika kwamba gari linaegeshwa karibu mno na boma lake. Sasa kila mtu anataja jina lake. Tufanye nini?

Kwanza, tuangalie kabla ya kusema. Tusilisogeze gari. Tuite watu wawili au watatu waone, tupige picha kwa simu, tuandike tarehe na saa. Kisha aitwe fundi wa pancha. Yeye anajua kwamba mwiba wa mgunga huingia pale tairi inapokanyaga chini, lakini kisu mara nyingi hupita ubavuni, palipo laini. Kioo nacho chaweza kugongwa na jiwe la njiani, ufa ukaendelea polepole kwa joto la kwetu. Na mikwaruzo juu ya boneti? Hata mbuzi hupanda gari akitafuta majani ya mti. Si haki binadamu abebe lawama ya mbuzi.

Pili, tuchunge jina la mtu. Kushuku si kujua. Hapa kwetu ukimtaja mtu mmoja sokoni, ukoo mzima husikia umetajwa. Jambo la tairi mbili laweza kuwa la watu mia mbili kabla ya adhuhuri.

Tukumbuke majirani zetu wa Wajir. Mapigano ya koo yalipowachosha, wanawake wa pale, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, na wakaweka kamati ya kuangalia. Mwaka 1993 wazee nao wakakubaliana Azimio la Al-Fatah. Walianzia kwa jirani kumruhusu jirani anunue maziwa. Basi sisi tusiharibu ujirani kwa neno moja.

Tatu, twende kwa jirani kwa njia ya heshima. Apelekwe mzee anayeheshimiwa na pande zote, si kundi la vijana wenye hasira. Aseme: "Gari letu limeharibiwa usiku. Je, mliona au kusikia chochote?" Hilo ni swali, si shtaka. Asikilize pia lalamiko lake. Pengine moshi unaingia kwake, au njia ya mifugo imezibwa. Kama ana haki, tuhamishe gari, hata kama si yeye aliyefanya.

Nne, turipoti polisi na tupewe nambari ya OB. Tuseme tulichoona, si tunachodhani. Kumsingizia mtu huku tukijua ni uongo ni kosa. Bima ile ndogo ya lazima hailipi uharibifu wa gari letu wenyewe; kama tuna bima kubwa, tutahitaji taarifa ya polisi.

Je, akipatikana mwenye kosa? Kifungu cha 339 cha sheria ya makosa ya jinai chasema kuharibu mali ya mtu kwa makusudi kwaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yatambua pia njia za jadi za kupatanisha, mradi zisivunje haki wala sheria. Kwa hiyo maslaha yana nafasi. Ila yaandikwe: gharama ya fundi, siku ya kulipa, sahihi na mashahidi. Na aliyefanya atoe sehemu yake mwenyewe. Ukoo ukilipa yote, yeye atajifunza nini?

Asipopatikana, tusiendelee kununa. Tutengeneze gari, tulilaze kwenye boma lenye mlinzi, tuweke taa ya sola, na tuandikiane zamu. Anayeshukiwa aendelee kusalimiwa na kualikwa harusini. Huenda ndiye atakayesikia hatua za mwizi usiku na kupiga kelele kwa ajili yetu.

Tairi hununuliwa Mandera mjini. Jirani hauzwi popote.