MTI WA YOSHUA NA NONDO WAKE



Mtu aliyezoea kuona mashamba ya mkonge, akifika katika Jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani, ataona huko mti ulio jamaa ya mkonge. Wataalamu huuita Yucca brevifolia. Watu wa huko huuita mti wa Yoshua. Majani yake ni magumu, yamechongoka kama sindano. Lakini mkonge majani yake hutoka karibu na ardhi, hali mti huu husimama hata kufikia futi 30 na zaidi, nayo matawi yake hutanda kama mikono iliyoinuliwa.

Haumei kila mahali jangwani. Hupenda nyanda na miteremko baina ya futi 2,000 na 6,000 juu ya bahari, penye udongo usiotuamisha maji. Mvua ya huko mara nyingi haifiki inchi 10 kwa mwaka. Wakati wa kiangazi jua huunguza, na usiku wa majira ya baridi maji huganda. Mche mchanga hujificha chini ya vichaka, usikauke wala usiliwe na wanyama. Nao hukua inchi chache tu kwa mwaka.

Jambo la ajabu zaidi ni uzazi wake. Mti huu hutegemea nondo mdogo. Nondo jike hukusanya chavua, yaani unga wa ua, akaifanya donge chini ya kichwa chake. Kisha huruka hata ua jingine, hutaga mayai ndani ya kifuko cha mbegu, na kuitia chavua ile mahali pake hasa, ili mbegu zipate kutungwa. Chavua hiyo yeye hali. Viwavi wake ndio watakaokula baadhi ya mbegu, na zilizosalia ni za mti. Panya na kindi huzifukia ziwe akiba, na zile wasizozirudia huweza kuota. Basi pasipo nondo hapana mbegu, na pasipo mti hapana nondo.

Mwezi wa Agosti 2020 radi iliwasha moto mahali paitwapo Cima Dome, katika California. Ekari zaidi ya 43,000 ziliungua, na miti ya Yoshua ya aina ya mashariki, Yucca jaegeriana, ikadhaniwa kuwa zaidi ya milioni moja imeteketea. Tena katika sehemu nyingi za jangwa hilo, nyasi zilizotoka nchi za kigeni zimejaza nafasi zilizokuwa tupu baina ya miti. Zikikauka, hupitisha moto.

Watu wa kujitolea wamepanda miche Cima Dome, na mwaka 2023 California ilitunga sheria ya kuulinda mti wa aina ya magharibi. Lakini kilichoteketea kwa siku chache kitawangoja wajukuu wa wapandaji ndipo kionekane tena. Anayetaka kuutunza mti huo hana budi kumtunza na nondo wake.