Kuondoa Chumvi katika Maji ya Kiwanda

Leo tutazungumza habari za maji ya chumvi yatokayo viwandani.

Wengi wenu ni wafugaji, basi tuanze na ng'ombe. Ngozi mbichi huoza upesi. Ili isioze hutiwa chumvi, karibu kilo 4 kwa kila kilo 10 za ngozi. Kiwandani ngozi hulowekwa, na chumvi nyingi hutoka na maji. Je, maji hayo yamwagwe mtoni? La. Chumvi ikizidi shambani, mazao hunyauka. Samaki wa maji baridi nao hufa. Tena Mto Simiyu huingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo ni letu pamoja na Kenya na Uganda.

Sasa fanyeni jaribio. Koroga kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji safi. Chuja kwa kitambaa, kisha onja. Chumvi ingalimo! Ukichemsha, maji hupungua na chumvi huzidi kukolea. Basi tufanyeje?

Chumvi ikiyeyuka hugawanyika sehemu mbili: sodiamu, yenye umeme chanya, na kloridi, yenye umeme hasi. Umeme ukipitishwa majini, kila sehemu huvutwa upande wake.

Fikirini zizi lenye mbuzi na kondoo. Mlango mmoja hupitisha mbuzi tu, na wa pili kondoo tu. Mtu mmoja awaita mbuzi huku, mwingine awaita kondoo kule. Mwisho zizi hubaki tupu. Katika mashine, milango hiyo ni tando nyembamba zilizopangwa kwa zamu. Utando mmoja hupitisha sodiamu, unaofuata hupitisha kloridi. Hivyo chumba kimoja hubaki na maji yaliyopungua chumvi, na chumba cha jirani hukusanya chumvi. Mwaka 1950, Walter Juda na Wayne McRae wa Marekani walieleza tando imara zilizofaa kazi hii.

Lakini angalieni mambo matatu. Kwanza, nywele, mafuta na matope yaondolewe mapema, maana huziba tando. Pili, chumvi ikiwa nyingi, umeme hutumika mwingi, na umeme ni fedha. Tatu, na hili ndilo kubwa, mashine haiangamizi chumvi, huikusanya tu. Maji makali yanayobaki yapasa kukaushwa juani katika mabwawa yasiyovuja. Yakimwagwa mtoni, kazi yote ni bure.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi. Basi siku mtakapoambiwa kuwa kiwanda kitajengwa kando ya maji yenu, msiulize tu, "Mna mashine?" Ulizeni pia, "Chumvi mtaiweka wapi?"



MASWALI
1. Kwa nini kitambaa hakiwezi kuchuja chumvi?
2. Utando hufanya kazi gani?
3. Maji makali yanayobaki yafanywe nini?