Kengele Inayolia kwa Wakati

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, fundi mitambo wa Geita, aliyoitoa siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Ninayo karakana ndogo Geita. Tunakereza shafti na bushi za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Karasha likisimama, watu wengi hukosa posho ya siku hiyo. Ndiyo maana nilichukua kompyuta kuukuu, nikaiunganisha na mashine ya kukereza ili iiongoze.

Wengi hudhani kazi hiyo yataka kompyuta yenye mbio. Sivyo. Mwamkumbuka mpiga kengele wetu? Hakuwa mkimbiaji, sifa yake ni kwamba saa ikifika kengele italia, hata kama yumo katikati ya hesabu. Mfumo endeshi wa kawaida ni kama kiranja mwenye shughuli nyingi: atapiga kengele akimaliza kuandika barua. Mfumo wa wakati halisi huiacha barua kwanza.

Mota zangu hupiga hatua 200 kwa kila mzunguko, na kila hatua yangoja amri. Amri zikija kwa vurugu, mota hupoteza hatua na chuma huharibika.

Natumia LinuxCNC, programu huria isiyolipiwa, iliyotokana na kazi ya NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, katika miaka ya 1990. Utaratibu ni huu. Kwanza, kompyuta iwe ya kazi hiyo tu. Pili, weka Linux yenye kiini cha wakati halisi; tangu toleo la 6.12, Novemba 2024, uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe. Tatu, kabla ya kufunga waya wowote, pima ucheleweshaji huku ukiisumbua kompyuta: nakili mafaili, fungua madirisha mengi. Ikiwa kompyuta yenyewe ndiyo itakayopiga hatua za mota, mikrosekunde 20 ni nzuri sana. Zikifika 100, tafuta kompyuta nyingine.

Hapa naungama kosa langu. Nilipoona vipimo ni vizuri nilijivuna, nikaitegemea kompyuta hata kwa kusimamisha mashine. Siku moja skrini iliganda. Kijana ninayemfundisha kazi akainama kutazama. Kumbe mashine haikuganda: amri zilizokwisha kupangwa ziliendelea kufika kwa wakati, sawasawa kama nilivyotaka! Mkono wa shati lake ukavutwa. Niliirukia swichi ya ukutani. Alipona, shati lilibaki kwenye mashine.

Tangu siku hiyo kitufe chekundu hukata umeme wa mota zote moja kwa moja, bila kuiuliza kompyuta.

Wadogo zangu, msingoje vifaa vipya. Leo naiachia karakana ya shule kompyuta moja kuukuu niliyokwisha kuipima, mota mbili, na kitufe chekundu. Nawaomba jambo moja tu: kitufe kifungwe kwanza.