AKIBA NA UJUZI: KINGA MBILI ZA KAYA WAKATI WA MAAFA



Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani Unguja kwa karibu mwezi mmoja. Haikutimia miaka miwili, ukakatika tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kiza kilivumilika, dhiki kubwa ilikuwa maji, kwa kuwa pampu zinazoyavuta huendeshwa kwa umeme. Mwenye mapipa yaliyojaa alipata ahueni ya siku chache. Mapipa yalipokauka, nafuu ilikuwa kwa mwenye kisima kilichotunzwa, kamba na ndoo.

Mwaka 2013 ilizinduliwa njia mpya ya umeme kutoka Bara, yenye uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, nayo hupita chini ya bahari. Hivyo basi, funzo la miaka ile lingali na maana: akiba humvusha mtu siku za mwanzo, na ujuzi humfikisha mwisho wa shida.

Tukianza na akiba, mtu mmoja huhitaji kiasi cha lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupikia na usafi. Kaya ya watu 6 itahitaji lita 270 kwa siku 3, katika vyombo safi vyenye vifuniko. Aidha, pawepo mchele, unga, chumvi, viberiti na dawa za wagonjwa. Wazee wamesema akiba haiozi. Lakini mchele uliosahauliwa hubunguliwa na fukusi. Kilichotangulia kuwekwa ndicho kitangulie kuliwa, na pengo lake lijazwe.

Ama ujuzi, mfano wake ni muhogo. Ukishang'olewa huharibika baada ya siku 2 au 3, bali ukiachwa ardhini husubiri kwa miezi. Hiyo ni ghala isiyohitaji mlango. Lakini muhogo mchungu una sumu, na asiyejua kuumenya, kuuroweka na kuukausha ipasavyo huweza kuidhuru familia yake. Jenereta nayo ni akiba. Ila moshi wake una hewa ya sumu isiyonusika, na kuiwasha ndani ya nyumba ni kuhatarisha roho za waliolala.

Haifai kutegemea upande mmoja. Mkulima hodari hali leo alichopanda jana. Naye mwenye magunia asiyejua kazi huyamaliza, akabaki akingojea msaada.

Kwa hiyo, kila mkuu wa kaya anashauriwa kukagua akiba yake mara moja kwa mwezi, na kutenga siku moja ambayo vijana watachota maji kisimani, watayachemsha hadi yatokote, na watakausha samaki kwa chumvi na jua, wakifundishwa na wazee wao. Masheha nao wanaombwa kuvitambua visima vinavyotumika katika shehia zao, na watumishi wa Serikali wahakikishe kwamba ofisi zao zina daftari la kuendeshea kazi pindi mashine zinapozimika.

Mambo hayo hujifunzwa wakati wa raha, kwani siku ya shida haina nafasi ya darasa.

Wabillahi tawfiq.