Aliyeuza Vyungu Akaanza Upya

 

Katika ziara zetu za vijijini kuna neno tunalolisikia mara kwa mara. Mtu amekwisha jua kusoma na kuandika. Tunamwuliza, "Sasa utajaribu kitu gani kipya?" Anajibu, "Aa, mwalimu, mimi nimekwisha zeeka. Nitaanzia wapi? Watu watanicheka." Leo tunataka kulizungumza neno hilo. Wengi hawarudishwi nyuma na ugumu wa kazi. Wanarudishwa na kicheko cha jirani.

Basi tumtazame Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Shule hakwenda. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, hilo la Siti alipewa baadaye. Kazi yake ilikuwa vyungu. Alivifinyanga, akavibeba, akaenda kuviuza mjini kwa miguu, huku akiimba njiani ili watu wajue kuwa vyungu vinapita. Wafinyanzi mlio hapa mnaijua safari ya namna hiyo. Ukijikwaa mara moja tu, kazi ya siku nyingi imekwisha.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Umri wake ulikuwa kama miaka 30, na wakati ule mwanamke wa umri huo alihesabiwa kuwa mtu mzima kabisa. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpigaji muziki, naye akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Tafadhali tulielewe jambo hili vizuri. Sauti alikuwa nayo tangu Fumba. Lakini alikubali kukaa chini afundishwe, kama ninyi mlivyokubali kukaa kwenye madawati ya watoto.

Wakati huo taarabu ilikuwa ya majumba ya wakubwa, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo alipojitia katika hatari hasa. Wakubwa wangeweza kumfukuza, na watu wa kawaida wangeweza kusema anajipendekeza. Wenye wivu walimsema kweli: ametoka shamba, si mzuri wa sura, jana tu alikuwa na vyungu kichwani. Yeye akawajibu kwa nyimbo.

Mwaka 1928, akiwa karibu na miaka 50, alipanda meli kwenda Bombay, India, yeye na wapigaji wake, kutia nyimbo katika sahani za santuri. Sahani zile zikasikika pwani na bara. Wala hakuimba mapenzi peke yake. Uko wimbo wa Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mja mzito akatorokea bara, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakafungwa. Watu ambao hawakujua kusoma gazeti walizipata habari za mahakama kwa wimbo.

Wengine watasema, "Huyo alikuwa na kipaji." Sawa. Basi tumtaje na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alifanya kazi za mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua. Mwaka 1968 akaanza kuchora picha za wanyama. Hakungoja vifaa vya ghali. Alitumia mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972, lakini mpaka leo wachoraji wengi wanakula kwa mtindo unaoitwa jina lake.

Sasa, tusidanganyane. Hatusemi mtu auze shamba akanunue cherehani asiyojua kuishona. Hiyo ni kamari. Mwenye watoto wa kulisha ajaribu kwa kadiri yake: robo ekari ya zao jipya, mzinga mmoja wa nyuki, debe moja la unga kwa maandazi ya kuuza. Likiharibika, chakula cha nyumbani kipo. Na mahesabu mliyojifunza yasilale daftarini. Andika ulichotoa, andika ulichopata, baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe kama uendelee au ugeuze.

Jambo la mwisho linawahusu akina baba zaidi, nanyi mtuwie radhi. Mara nyingi kicheko kinaanzia nyumbani. Mama anasema anataka kujifunza ushonaji, baba anamwambia, "Na uzee huo?" Kabla hujacheka, muulize kwanza anahitaji nini.

Siti alikufa mwaka 1950. Kabla hajafa alimsimulia maisha yake Shaaban Robert, naye akayaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Atakayekipata awasomee wenzake kwa sauti, sura moja kila jioni.

Sasa tuwasikilize ninyi. Yule bibi pale nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Karibu, bibi.