Mzigo wa Bega Moja: Juu ya Kuvigawa Vifurushi vya Programu Huria



Suala nililopewa kulisemea, yaani namna ifaayo kuvipanga vifurushi vya programu katika mfumo endeshi ulio huria, limekwisha kujadiliwa sana na mafundi wa Ulaya na Marekani, nami sina tamaa ya kuwapita kwa elimu. Lakini maadamu tumekutana hapa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako misafara ya pwani ilikuwa ikifungua mizigo, ikiwalipa wapagazi na kuajiri wengine kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya Karagwe, naona si vibaya kulitazama jambo hili kwa jicho la yule apokeaye mzigo mwisho wa njia, ambaye aghalabu haulizwi na wafungao.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na kadiri yao. Mtumba wa nguo za merikani ulifungwa kwa frasila 2, nazo ni ratili 70 hivi, kwa kuwa hicho ndicho kiasi ambacho mtu mzima aliweza kukichukua begani kutwa, na kesho yake akaamka akakichukua tena. Mwaka 1874 msafiri Stanley alileta Unguja mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande 5, kila kipande urefu wa futi 8, ili ichukuliwe na watu hadi kwenye maziwa. Vilipopimwa, vinne vikaonekana vina ratili 280 kila kimoja na cha tano 310, hata ikabidi seremala avigawe upya hukohuko Unguja kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo. Aliyeiunda hakuwa mjinga, maana mashua hiyo ililizunguka Ziwa Viktoria mwaka uliofuata. Ila aliigawa kwa hesabu ya mashua, wala si kwa hesabu ya njia. Kosa hilohilo ndilo nilionalo katika vifurushi vyetu.

Chukueni Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao toleo lake la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Kila kifurushi hubeba programu pamoja na waraka mdogo unaotaja jina, toleo, na vifurushi vingine ambavyo pasipo hivyo hakifanyi kazi. Sasa tuseme mwalimu wa hesabu wa mji huu ataka kupiga chapa karatasi ya mtihani kwa TeX, programu ambayo wanahesabu hawajapata mfano wake. Akiagiza kile kifurushi kiitwacho texlive-full, atashushiwa gigabaiti kadhaa, zikiwamo fonti na kanuni za lugha ambazo hatakaa aziandike maisha yake yote, na vitabu vya maelezo juu ya hizo. Bando litakwisha kabla ya swali la kwanza kuandikwa. Debian yenyewe imeufanya mkusanyo huo mafungu ya wastani, fungu la msingi, fungu la sayansi, mafungu ya lugha, na maelezo yakatengwa peke yake. Ilhali wenzao wa Fedora, kwa miaka mingi, waliona ni bora kila kijisehemu kiwe kifurushi kamili, vikawa maelfu. Mimi nawaunga mkono Debian katika hili. Kifurushi hakikosi gharama hata kikiwa kidogo kama punje ya ushanga: chaingia katika fahirisi, na fahirisi nayo sharti ipakuliwe kila mtu atakapo kusasisha kompyuta yake, chataka mtunzaji, naye ni binadamu afanyaye kazi hiyo usiku, tena bure.

Hata hivyo ukubwa wa fungu si kitu mbele ya ukweli wa ule waraka. Debian hutofautisha daraja tatu: kile ambacho kifurushi chakihitaji kwa lazima, kile kinachopendekezwa, na kile kinachodokezwa tu, na kwa kawaida ya sasa vilivyopendekezwa hushushwa pamoja pasipo mtumiaji kuulizwa. Ipo amri ya kuvizuia, naam, lakini wangapi waijua? Mtunzaji aketiye mahali ambapo intaneti ni kama maji ya bomba hupendekeza kwa ukarimu, na ukarimu wake hulipwa na mtu wa Urambo au Sikonge kutoka mfukoni mwake. Laiti kila mtunzaji, kabla ya kuandika neno "chapendekezwa", angekisakinisha kifurushi chake kwa simu yenye bando la siku moja!

Juu ya kuviainisha vifurushi kwa makabati, hili la elimu, hili la sayansi, hili la michezo, sitakawia. Programu ya ramani yafaa makabati mawili au matatu, na mtu huitafuta kwa jina alilosikia kwa mwenzake.

Lililo zito kwetu ni lugha. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulituletea mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema na mtu kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ikiwekwa ndani ya kifurushi kikuu, humlazimu Mfini kuichukua asipoihitaji. Ikitengwa mno, mwenye haki nayo hajui kuwa ipo. Rai yangu ni kwamba matini ya Kiswahili, kamusi ya tahajia na maelezo ya mtumiaji yawe vifurushi vyao wenyewe, lakini kiwepo kimoja kitupu, kisicho na mzigo wake, kazi yake kuviita vyote hivyo kwa pamoja mara mtu achaguapo Kiswahili wakati wa kusakinisha.

Basi naomba kamati za mchana zianze na orodha ya kifurushi hicho kitupu: nini kiingie kwa lazima, nini kipendekezwe, na jumla ya megabaiti ambayo shule isiyo na intaneti yaweza kuipokea kwa flashi moja. Akipatikana miongoni mwetu mtu wa kuwa mtunzaji wake, jina lake liandikwe leo. Wawili wangekuwa bora, kwa kuwa mmoja huhama kazi.